Nyumba Haihamii Kwenye Kontena

Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na la futi 40 lina kama 67. Nyumba ya vyumba vitatu, ukiitoa yote pamoja na mapazia na ndoo za bafuni, inaweza kuenea kwenye lile dogo. Hapo ndipo tabu inapoanzia, wanangu, kwa sababu mtu akishaona kitu kinaenea, hajiulizi tena kama anakihitaji.

Kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu ilikuwa kutoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Wakala wa forodha husimama mlango wa kontena unapofunguliwa mbele ya ofisa na mwenye mali, na kinachotoka humo ni maisha ya mtu: godoro, albamu ya picha, kiti cha kulia cha mtoto ambaye sasa ana ndevu. Zamani walirudi na cherehani na redio za mbao. Wakafuata wenye seti za muziki, spika zikimfika mtu kiunoni. Wakaja wenye televisheni za chogo. Siku hizi wanakuja na mashine za kukaushia nguo, wakati jua la hapa linakausha shuka kabla hujamaliza kuanika la pili. Vitu vinabadilika, kosa halibadiliki: mtu anapakia maisha anayoyaacha, na hajakaa chini hata mara moja kuyawaza yale anayoyaendea.

Siwezi kumkasirikia mtu wa namna hiyo. Amefanya zamu za usiku Reading au Houston, amewaogesha wazee wa watu, amebana senti mpaka zikalia, na lile sofa la ngozi sebuleni kwake ndicho kitu pekee anachoweza kukigusa kwa mkono akasema, hii hapa miaka yangu. Ukimwambia aliuze kwa bei ya kutupa, anasikia kwamba miaka yake nayo iende kwa bei hiyo. Nalielewa sana. Lakini nimekaa naye pia siku anayoletewa hesabu, na uso wake siku hiyo ndio unaonifanya niseme.

Basi tulipigie hesabu hilo sofa. Urefu mita 2, upana sentimita 90, kimo sentimita 90: hiyo ni mita ya ujazo 1.62. Ukichangia kontena na wengine unalipia ujazo huo, liwe limejaa sponji au hewa. Ukilipandisha ndege, kila mita ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167, kwa hiyo sofa la kilo 60 kwenye mizani linalipiwa kama kilo 270. Bado kulishusha, kulihifadhi, kulikagua, kulipakia kwenye lori, na vijana wanne wa kulipandisha ngazi za ghorofani kwako huku wakikwaruza ukuta wa mwenye nyumba. Kabla hujalifunga nailoni, mtume mtu Keko kwa mafundi seremala, aulize seti ya mninga ni kiasi gani. Halafu linganisha bei hiyo na jumla yote, kuanzia mlango wa huko mpaka mlango wa huku. Wengi hulinganisha na nauli ya meli peke yake, na nauli ya meli ndiyo sehemu ndogo.

Vya umeme vina shauri lake. Anayetoka Uingereza ana nafuu: volti 230, hezi 50, na plagi ya miguu mitatu ya bapa kama tuliyoizoea. Anayetoka Marekani au Kanada anatoka kwenye volti 120 na hezi 60, na friji lake likichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Sinza, ni kuungua. Atasema, nitanunua transfoma. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa 50 inazunguka polepole, inapata joto, inachoka kabla ya siku zake, na fundi wa mtaani hana spea yake. Kompyuta, chaja za simu na televisheni nyingi za sasa hazina neno. Geuza kifaa nyuma usome kibandiko: kama kimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, njoo nacho. Kusoma kibandiko hakuna gharama, na bado nimewaona wasomi wazito wakilia juu ya oveni iliyotoa moshi siku ya kwanza, wageni wakiwa mezani wanasubiri kuku.

Sasa nifike kwenye kilichowaumiza wengi zaidi. Sheria yenyewe ina huruma kuliko inavyosimuliwa vijiweni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehama kweli kuja kuishi huku: nguo zake, vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko atokako, na gari moja. Awe ameishi nje ya Jumuiya kwa angalau miaka 2, na katika miaka hiyo ziara zake za kuja kusalimia nyumbani, zikijumlishwa, zisizidi siku 90. Gari awe amelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, na muda wa melini hauhesabiwi. Mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe afike. Kamishna anaweza kumwongezea muda, ila usipite siku 360. Kwa Kenya kuna la zaidi: gari lililozidi miaka 8 halikubaliwi, na usilipende gari hata ukasahau umri wake.

Tangu yeye mwenyewe afike. Watu huliruka hilo. Baba anatanguliza kontena mwezi wa nne, mkataba wake wa kazi unaisha mwezi wa kumi na mbili. Anampigia shemeji simu: nenda kanitolee mzigo. Shemeji, mtu mtiifu, anavaa shati la pasi anakwenda na kitambulisho chake mwenyewe. Anaulizwa, msafiri yuko wapi? Pasi yenye muhuri wa kuingia nchini iko wapi? Msafiri yuko Manchester, anasubiri baridi impishe. Basi msamaha nao haupo, maana anayesamehewa hajafika. Kontena linakaa. Kampuni ya meli ilitoa siku chache za bure, zimekwisha. Tangu hapo kila siku ina bei yake, ya kushikilia kontena mbali na ya kulilaza uwanjani mbali, na kadiri siku zinavyosogea bei hizo zinapanda. Shemeji anaanza kuacha simu ilie. Baba kule anaanza kusema shemeji amekula hela.

Nimeshuhudia nyumba nzima ikizidiwa thamani na deni la kulala kwake bandarini. Mwenyewe akaiacha, ikaenda kwenye mnada wa forodha, na watu wasiomjua wakashindania mashuka aliyotunzwa siku ya arusi. Mashuka yanapatikana mengine. Ule ushemeji haukurudi, na watoto wa nyumba mbili wakakua hawajuani kwa sababu ya kabati na meza ya chai.

Jina nalo ni jambo la kuangalia kabla meli haijang'oa nanga. Hati ya shehena imeandikwa jina la mke alilotumia kazini, pasi ina jina la kwao, barua ya mwajiri ina ubini wa mume. Wote ni mtu mmoja, nawe unajua, nami najua. Karatasi hazijui. Kulirekebisha jina meli ikiwa bado imefungwa gatini ni barua pepe moja. Kulirekebisha mzigo ukiwa umeshuka ni viapo, mihuri, na siku za kulipia.

Halafu kuna kile kiboksi cha jirani. Ukitangaza unahama, kila mtu wa kwenu anakuwa na kiboksi. Kidogo tu, umfikishie mama. Kukataa ni kazi ngumu kwa watu tuliolelewa kupokea, na sitamcheka anayeshindwa. Ila msamaha ni wa vyombo vilivyotumika nyumbani mwako. Ofisa akifungua boksi lililoandikwa "vyombo vya jikoni" akakuta simu mpya kumi zimelala ndani ya sufuria, bado na nailoni zake, hapo pameshakuwa biashara, na hatazitazama hizo kumi peke yake. Atashusha vyote, kimoja kimoja, na kila neno uliloliandika atalisoma kwa jicho jingine. Mwenye mzigo niliyemshuhudia aliapa hakujua kilichomo, nami nilimwamini kabisa. Kutojua kwake hakukupunguza hata shilingi. Kwa hiyo, kiboksi kikija, kifunguliwe mbele ya aliyekileta, kitazamwe, kiandikwe. Anayekasirika kwa hilo amekusaidia kuamua.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya kuhama sijaona neno lililothibitika zaidi. Anza daftari wiki nyingi kabla. Kila boksi lina namba, imeandikwa juu na ubavuni. Daftarini namba ina yaliyomo, yametumika muda gani, yana thamani gani kwa ukweli wa soko la mitumba. Usipunguze mpaka ukaonekana mwongo, usitie chumvi. "Vitu mbalimbali" hairuhusiwi nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo namba inayofunguliwa ya kwanza. Nyumba iliyopakiwa usiku wa mwisho ni nazi iliyokunwa gizani: tui linatoka, lakini na vipande vya kifuu vimo. Ndani ya maboksi ya usiku wa mwisho tumekuta taka za jikoni, bili za maji, betri zilizovuja, na mara moja funguo za gari lililokuwa kwenye kontena jingine.

Wanaotoka hapa kwenda nje wana yao, na nitayapitia upesi kwa kuwa wao huwa hawana kontena, wana masanduku na mifuko ya shangazi kaja. Ila wakibahatika kuwa na mwajiri anayegharimia, wanapakia hata ufagio. Uingereza inataka uombe msamaha wa kuhamisha makazi kwa mamlaka yao ya forodha na ujibiwe kabla mzigo haujaingia: uwe umeishi nje ya nchi yao miezi 12 mfululizo, vyombo uwe navyo na kuvitumia kwa miezi 6, na usiviuze wala kuviazimisha kwa miezi 12 baada ya kufika. Kanada inataka orodha mbili siku ile ile unayotua, ya ulivyoshika mkononi na ya vinavyokufuata nyuma. Usipoiwasilisha ile ya pili, vinavyofuata vitakuja kuonekana vya kununuliwa juzi. Marekani wanauliza kama vyombo umevitumia mwaka mzima. Kila nchi kwa namna yake inauliza neno lile lile: hivi ni vyako kweli, au umekuja kuuza?

Na kinu, mama zangu. Najua. Pilipili manga iliyotwangwa ina harufu ambayo mashine haiitoi, na mbuzi ya nazi mliyorithi kwa bibi haina mfano madukani. Chukueni, lakini kikauke vizuri, kikaguliwe kama kina matundu ya bungo, kifutwe unga wote na udongo wote, kiandikwe kwa jina lake. Australia na New Zealand ni wakali kuliko wote kwa mbao, mbegu, ukili na udongo ulioganda chini ya viatu, na kitu wasichokiridhia hukitibu kwa gharama yako au hukiharibu. Samli na nyama kavu ziacheni. Uingereza na Ulaya hawataki nyama wala maziwa kutoka kwetu ndani ya mkoba wa msafiri. Pambo la gamba la kasa, matumbawe, kitu chochote cha pembe ya ndovu, hata kama ni cha marehemu babu: kibaki kabatini, kwa kuwa hapo hatuzungumzii ushuru tena, tunazungumzia mahakama.

Kreti pia. Mtu anamwita seremala wa jirani, anamgongea sanduku zuri la mbao mbichi. Mbao za kufungia mizigo ya kimataifa zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa joto la nyuzi 56 mpaka kiini cha ubao kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri wa kuthibitisha. Sanduku lisilo na muhuri linaweza kurudishwa na kilichomo ndani, na kilichomo ndani mara nyingi ni kile ulichokipenda kuliko vyote, maana ndicho ulichokitengenezea sanduku.

Baharini huna amri. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku 6, na ilipokwamuliwa ikazuiliwa Misri mpaka Julai. Kuna desturi ya kale ya bahari kwamba meli ikipatwa na janga la pamoja, wote wenye mizigo ndani yake huchangia gharama ya kuiokoa, na mwenye mzigo huweka dhamana kabla ya kupewa chake. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliokuwa na mizigo humo. Aliyekata bima, kampuni yake ya bima ilisimama mahali pake. Asiye na bima alisimama mwenyewe. Kisha mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakazifanya meli nyingi zizungukie Rasi ya Tumaini Jema, na watu waliohesabu wiki wakajikuta wanalala chini kwenye mikeka kwa muda mrefu kuliko walivyowaambia watoto. Kwa hiyo kata bima, na uisome inachokilipia. Na godoro moja, sufuria mbili, nguo za shule na dawa za mzee visipande meli kamwe. Hivyo vinaenda na nyinyi.

Bima wengi huikwepa ili kuokoa kidogo, na hao hao ndio humpa kazi wakala wa bei ya chini kuliko wote. Rahisi huvunja upishi. Bei ya chini mara nyingi huishia gatini. Ukiuliza mpaka mlangoni inakuwa bei nyingine. Muulize kwa maandishi: ndani ya hela hii kuna nini, na hakuna nini? Nani analipa bandari? Nani analipa ukaguzi? Wakala mwenye leseni atakuonyesha leseni bila kununa. Anayekujibu "usijali, tuna watu wetu pale" mshukuru, umlipie chai, uondoke.

Mtaniuliza basi kipi kichukuliwe. Sijawahi kuona mtu akijuta kwa picha, kwa vitabu vyake vichache alivyovisoma mpaka vikalegea, kwa vifaa vya kazi vya fundi anayevijua kwa mkono wake, kwa khanga za mama, kwa kitabu cha mapishi chenye madoa. Vyote hivyo haviwezi kununuliwa upya, na vingi vinaenea kwenye maboksi machache. Kwa vilivyobaki, kaa sebuleni kwako jioni moja ukitazame kila kitu, halafu uiwaze ile nyumba unayoiendea, upana wa mlango wake, umeme wake, joto lake, wageni wake, na ukione kitu hicho kikiwa kimewekwa humo. Kama hukioni kimekaa wapi, kimeshakujibu.

Vinavyobaki msivifungie stoo kwa shangazi "mpaka tutakapokaa sawa". Stoo ya shangazi ni chumba ambacho angempangisha mtu, na ninyi hamtarudi kuvichukua. Panya watarithi, na shangazi ataona haya kuvitupa mpaka siku zake za uzeeni. Uzeni vinavyouzika mapema, kabla madalali hawajajua tarehe ya ndege yenu. Vingine, waiteni mnaotaka kuwapa, waje wakati nyumba bado ina viti. Mpeni friji yule binti anayeanza maisha, mkiwa mmesimama naye jikoni, mumwonyeshe mlango unavyosukumwa na goti ndipo ushike. Kabati lipelekwe kwa anayelihitaji, na likishapelekwa ni lake, aliuze akitaka, alipake rangi akitaka, na msimpigie simu kutoka ng'ambo kuuliza liko wapi.